Wakili wa Swansea na Betri ya Gesi: Maisha ya William Robert Grove (1811–1896)

Mtaa wa Munyaka, mjini Eldoret, hauna mengi ya kumkumbusha mtu nchi ya Wales. Jua linapokuchwa, barabara hujaa pikipiki za bodaboda zinazowarejesha watu makwao. Moshi wake huchanganyika na ule wa majiko ya makaa, na stima inapopotea, jenereta za maduka hunguruma hadi usiku. Jioni moja ya aina hiyo nilikuwa nimebebwa na kijana mmoja wa bodaboda, mtu mdadisi kupindukia, ambaye alikuwa amesikia kwa abiria mwingine kwamba ng'ambo kuna magari yasiyotoa moshi wowote ila maji tu. Alitaka kujua iwapo hayo ni kweli au ni porojo za mjini. Na iwapo ni kweli, ni nani aliyeyabuni. Swali la kwanza lilijibika papo hapo. La pili lilinishinda, nami kwa kuogopa kuaibika nikamjibu kwamba ni Wajapani. Nilipofika chumbani na kuanza kusoma, niligundua kwamba nilikuwa nimempotosha kwa zaidi ya karne moja na nusu. Makala haya basi ni namna ya kulilipa deni hilo, na yanamhusu mtu ambaye wengi wetu katika idara za lugha hatujapata kumsikia, ilhali maisha yake yana mambo ambayo mwanafunzi wa lugha angefaidika kuyatafakari.

William Robert Grove alizaliwa tarehe 11 Julai 1811 mjini Swansea, kusini mwa Wales. Baba yake, John Grove, alikuwa hakimu na mtu wa kuheshimika katika jimbo la Glamorgan. Mama yake aliitwa Anne Bevan. Swansea ya wakati huo ilikuwa kitovu cha uyeyushaji wa shaba duniani. Mawe yenye shaba yaliletwa kwa merikebu hadi pale kwa sababu makaa ya mawe yalipatikana tele katika ardhi ya eneo hilo, na ilikuwa nafuu zaidi kuyafuata makaa kuliko kuyasafirisha. Moshi wa viwanda hivyo, uliosheheni salfa, uliunguza malisho na kukausha miti katika bonde la mto Tawe, na kufikia miaka ya 1830 wakulima walikuwa wamewafikisha wenye viwanda mahakamani. Si vibaya msomaji aliweke bonde hilo akilini tunapoendelea, maana mtoto aliyekulia karibu nalo ndiye aliyekuja kuonyesha kwamba yawezekana kupata nishati kutokana na kitu kinachoungana na oksijeni bila ya kuwasha moto wala kufuka moshi.

Masomo yake ya awali aliyapata kwa walimu wa nyumbani, kisha akajiunga na Chuo cha Brasenose, Oxford, alikohitimu mwaka 1832. Oxford ya enzi hizo ilikuwa ngome ya Kigiriki, Kilatini na theolojia. Sayansi ilikuwa na nafasi finyu mno. Kutoka hapo alielekea London kusomea sheria katika Lincoln's Inn, na mwaka 1835 akakubaliwa kuwa wakili. Mambo yangalikwenda kama yalivyopangwa, yamkini tungalikuwa na wakili mmoja zaidi wa Kiingereza ambaye hakuna anayemkumbuka. Afya yake, hata hivyo, ilimsumbua, na shughuli za mahakamani zikamwia nzito. Katika kujipumzisha alizama katika elimu ya umeme, iliyokuwa imepamba moto kutokana na kazi za Michael Faraday katika Royal Institution, taasisi ambayo Grove alijiunga nayo mwaka huo huo wa 1835. Nyumbani Swansea alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wapenzi wa fasihi na falsafa, ambacho baadaye kilipanda hadhi kuwa Royal Institution of South Wales. Mwaka 1837 alimwoa Emma Maria Powles, na wawili hao wakasafiri barani Ulaya.

Jambo la kwanza lililomtoa gizani si lile ninalokusudia kulizungumzia hasa, lakini haliwezi kurukwa. Mwaka 1839 alitangaza betri mpya mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris na pia katika mkutano wa Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi uliofanyika Birmingham. Betri bora iliyokuwapo ilikuwa ile ya John Frederic Daniell ya mwaka 1836, ambayo kila seli yake ilitoa takriban volti 1.1. Grove alitumbukiza zinki katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji, akatumbukiza platinamu katika asidi kali ya naitriki, kisha akazitenganisha asidi hizo kwa chombo cha udongo chenye vinyweleo. Seli yake ilitoa volti 1.9 hivi, na mkondo wa umeme wenye nguvu zaidi. Mwaka huo huo, mjini Saint Petersburg, Moritz Jacobi aliunda betri za namna ya Grove na kuziweka katika mashua iliyobeba abiria kwenye mto Neva, ikaendeshwa na mota ya umeme. Kwa hiyo, mtu anayedhani kwamba usafiri wa umeme ni uzushi wa karne ya 21 amechelewa sana. Baadaye betri hiyo ilitumika kwa wingi katika ofisi za telegrafu za Marekani. Ilikuwa na kasoro mbili kubwa: platinamu ilikuwa ghali, na asidi ya naitriki ilitoa mvuke wa rangi ya kahawia uliowakaba koo makarani. Robert Bunsen alikuja kulipunguza tatizo la kwanza mwaka 1841 kwa kuweka kaboni mahali pa platinamu. La pili liliendelea kuwakereketa makarani wa telegrafu kwa miaka mingi.

Tuje sasa kwenye kiini cha habari. Ilikuwa ikifahamika tangu mwaka 1800 kwamba ukipitisha umeme katika maji, maji hutengana na kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Swali ambalo halikuwa limejibiwa ni iwapo njia hiyo yaweza kurudiwa kinyumenyume: gesi zikikutana tena kuwa maji, je, zitaurejesha umeme? Mapema mwaka 1839, mwishoni mwa barua aliyoipeleka kwa jarida la kisayansi la London, Grove aliongeza maelezo mafupi kwamba alikuwa ameweka vipande viwili vya platinamu katika mirija miwili, mmoja wenye haidrojeni na mwingine wenye oksijeni, vyote vikigusa maji yenye asidi, na kwamba sindano ya kipima-umeme ilikengeuka. Hayo tu. Nyongeza ya barua!

Hapa pana ubishi ambao haujaisha, na haki inataka utajwe. Christian Friedrich Schönbein, profesa wa kemia mjini Basel, Uswisi, alikuwa amechapisha katika jarida hilo hilo, mwezi mmoja kabla, uchunguzi wake uliogusia jambo lilo hilo. Kuna wanaosema kwamba Schönbein ndiye mgunduzi na Grove ni mjenzi. Wapo pia wanaowagawia sifa nusu kwa nusu. Kwa maoni yangu, Schönbein aliliona jambo na Grove akaunda kitu, na hizo ni kazi mbili tofauti. Kilicho cha kupendeza ni kwamba wenyewe hawakugombana. Walikutana katika mkutano ule wa Birmingham, wakawa marafiki na kuandikiana barua kwa miaka mingi. Schönbein ndiye pia aliyeigundua gesi ya ozoni, kwa hiyo hakufa mikono mitupu.

Mwezi Oktoba 1842 Grove alimwandikia Faraday kumweleza kwamba alikuwa ameliendeleza wazo lake hadi kuwa betri kamili, na kabla ya mwaka kwisha maelezo yake yakachapishwa. Alipanga seli 50. Kila seli ilikuwa na mirija miwili ya kioo iliyofumbwa juu na kufunguliwa chini, ikiwa imesimamishwa katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Ndani ya kila mrija mlikuwa na ukanda mwembamba wa platinamu uliopakwa unga mweusi wa platinamu hiyo hiyo ili kuongeza eneo la kukutania. Mrija mmoja ulijazwa haidrojeni, wa pili oksijeni. Betri ilipounganishwa, watu watano walioshikana mikono waliusikia mshtuko wa umeme kwa pamoja, na mmoja akiupokea peke yake ulimuuma. Kadiri umeme ulivyotiririka, maji yalipanda ndani ya mirija kwa sababu gesi zilikuwa zikiliwa, na yalipanda katika mrija wa haidrojeni kwa kasi maradufu ya mrija wa oksijeni. Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili aliyewahi kukariri kwamba maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja anaweza kuiona sababu yake. Grove aliiona kwa macho, mirijani, kama mtu anayetazama mizani sokoni.

Kinachotendeka mle ndani twaweza kukieleza leo kwa urahisi kuliko alivyoweza yeye. Haidrojeni inapoigusa platinamu, kila atomu hugawanyika kuwa protoni na elektroni. Protoni hupita katika asidi hadi upande wa pili. Elektroni haziwezi kupita humo, hivyo hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya, na huo mzunguko ndio umeme wenyewe unaowasha taa au kuzungusha mota. Upande wa oksijeni wote hukutana tena na kuzaa maji. Hakuna mwako, hakuna moshi, hakuna kitu kinachozunguka wala kugongana. Elektroni iligunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya Grove kufariki. Maskini, hakuwahi kumjua mhusika mkuu wa hadithi yake. Hata hivyo aliutambua ugumu ambao wahandisi wanapambana nao hadi sasa: kazi yote hufanyika pale tu ambapo gesi, kimiminika na metali hukutana kwa pamoja, na mahali hapo ni padogo mno. Kupapanua ndiyo siri.

Je, kwa nini basi mtu aliyekuwa na kitu kama hicho mkononi hakukigeuza kuwa mtambo? Hili ndilo lililonisumbua zaidi nilipokuwa nikisoma habari zake, na jibu lake liko katika mambo aliyokuwa akiyafundisha. Tangu mwaka 1841 Grove alikuwa profesa wa falsafa ya majaribio, yaani fizikia kama tuiitavyo leo, katika London Institution. Mwezi Januari 1842 alitoa mhadhara uliodai kwamba joto, nuru, umeme, usumaku, mvutano wa kikemia na mwendo si vitu mbalimbali vinavyojitegemea. Kila kimoja chaweza kukizaa kingine, na hakuna hata kimoja kinachostahili kuitwa mzazi wa vyote. Mwaka 1846 mawazo hayo yalitoka kama kitabu, On the Correlation of Physical Forces, kilichorudiwa na kupanuliwa hadi toleo la sita. Miongoni mwa maonyesho yake ni lile la bamba la kupigia picha lililowekwa ndani ya sanduku la maji na kuunganishwa na vipimo kadhaa. Dirisha lilipofunguliwa na nuru kuliangukia bamba, kukatokea kwa mfululizo badiliko la kikemia, umeme, usumaku, joto na mwendo wa sindano. Nuru moja, matokeo matano.

Kwa mtu mwenye fikra za aina hiyo, betri ya gesi haikuwa mashine ya kuuzwa. Ilikuwa hoja. Umeme hutenganisha maji. Gesi zikiungana huzaa umeme. Umeme huo nao waweza kutenganisha maji mengine. Duara lilitimia, na wakili akawa amepata ushahidi wake. Hatuwezi kusema kwamba hakuona manufaa ya kiuchumi hata kidogo, kwani aliandika kuhusu namna ambavyo ingekuwa faida kubwa kupata umeme moja kwa moja kutokana na vitu rahisi kama makaa, kuni na mafuta badala ya zinki na asidi za bei ghali. Aliliona shamba, akaelekeza kidole, akapita.

Niruhusiwe hapa kuchepuka kidogo, kwa kuwa jarida letu ni la lugha. Neno ambalo Grove alilitumia kwa mambo yote sita tungelitafsiri leo kuwa kani au nguvu. Lakini alichokuwa akikieleza, kwa sehemu kubwa, ni kile ambacho vitabu vyetu vya shule hukiita nishati. Istilahi ya Kiingereza ya nishati ilikuja kusimama imara miaka ya 1850, na wanahistoria wa sayansi huwataja Mayer, Joule na Helmholtz kuwa ndio walioithibitisha kanuni ya kutopotea kwa nishati. Grove hutajwa pembeni, kama mgeni aliyefika arusini mapema kabla ya viti kupangwa. Hakuwa na vipimo vya nambari kama vya Joule, hilo ni kweli na ni upungufu. Ila naamini kwamba sehemu ya msiba wake ni ya kiistilahi: aliliwaza wazo kabla ya neno lake kupatikana, na alipolitaja kwa neno lenye maana nyingi, wasomaji wa baadaye walidhani alizungumzia jambo jingine. Sisi tunaobishana katika semina iwapo tuseme seli ya fueli, seli ya kuni, au turejee kwa betri ya gesi kama alivyoiita mwenyewe, hatubishani bure. Binafsi naipendelea seli ya fueli kwa kuwa imekwisha kuzoeleka, ingawa nakiri kwamba betri ya gesi humweleza mtu wa Munyaka zaidi.

Turejee kwa bwana Grove. Mwaka 1840 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1847 akatunukiwa Nishani ya Kifalme. Hakuridhika na chama hicho kilivyokuwa, maana waungwana wengi waliingizwa kwa ajili ya majina na mali zao. Pamoja na wenzake, akiwamo Leonard Horner, alipigania mageuzi yaliyofikiwa mwaka huo wa 1847, ambayo yaliweka kikomo cha wanachama wapya 15 kwa mwaka na kufanya kazi ya kisayansi iwe ndiyo tiketi. Pengine mchango huu uliidumisha sayansi ya Uingereza kuliko betri zake zote mbili.

Wakati huo huo mlezi alihitaji kulea. Watoto walikuwa wakiongezeka, na uprofesa haukulipa vya kutosha. Mwaka 1846 aliiacha London Institution na kurudi katika sheria kwa nguvu zote. Hakuyaacha majaribio kabisa; mwaka 1852 alieleza kuhusu mistari ya nuru na giza inayojitokeza umeme unapopita katika gesi nyepesi, na namna metali inavyopukutika kutoka kwenye elektrodi na kujipaka kiooni. Lakini sasa sayansi ilikuwa ya usiku na sheria ya mchana. Mwaka 1853 alifanywa Wakili wa Malkia. Ujuzi wake ulimfanya atafutwe katika kesi za hataza: mwaka 1854 alimwakilisha Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, dhidi ya mpiga picha aliyeitwa Laroche, wakashindwa. Mwaka 1856 alikuwa katika jopo la kumtetea Dkt. William Palmer wa Rugeley, aliyeshtakiwa kumuua mwenzake kwa sumu. Kesi hiyo iliyotikisa Uingereza nzima iliegemea kemia, kwa kuwa wataalamu wa mashtaka walidai ni striknini ilhali sumu yenyewe haikupatikana katika maiti. Palmer alihukumiwa na kunyongwa.

Heshima zilimfuata polepole. Aliongoza mkutano wa Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi mjini Nottingham mwaka 1866, na katika hotuba yake alitetea wazo la mabadiliko ya taratibu na mfululizo katika maumbile, jambo lililowafurahisha wafuasi wa Darwin. Mwaka 1871 aliteuliwa kuwa jaji katika Mahakama ya Common Pleas, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha Sir. Husimuliwa kwamba kesi za hataza zilipofika mbele yake, alisahau kuamua na kuanza kupendekeza namna ya kukiboresha chombo kilichokuwa kikigombaniwa. Emma alifariki mwaka 1879. Grove alistaafu ujaji mwaka 1887, akafariki mjini London tarehe 1 Agosti 1896 akiwa na umri wa miaka 85.

Betri ya gesi ilikuwa imelala. Mwaka 1889 Ludwig Mond na Carl Langer walijaribu kuiamsha kwa kutumia gesi itokanayo na makaa ya mawe, wakashindwa na bei ya platinamu. Kufikia hapo dainamo zilikuwa zikizungushwa kwa mvuke na kutoa umeme wa bei nafuu, na Karl Benz alikuwa ameunda gari lake la petroli. Ulimwengu ulikuwa umechagua moshi. Aliyeiamsha betri hiyo kikweli alikuwa mhandisi Mwingereza, Francis Thomas Bacon, aliyeanza kazi miaka ya 1930 akitumia kimiminika cha alkali mahali pa asidi, ili platinamu isihitajike. Mwaka 1959, baada ya zaidi ya robo karne ya kuhangaika, alionyesha mtambo wa kilowati 5. Mwaka uo huo kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilionyesha trekta lililoendeshwa na seli 1,008 za fueli. Marekani iliichukua teknolojia ya Bacon ikaipeleka mwezini: vyombo vya Apollo vilipata umeme wake kwa seli hizo, na wanaanga wakanywa maji yaliyotoka humo. Tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipolipuka mwezi Aprili 1970, watu watatu walijikuta hawana umeme wala maji kwa pamoja, na huo ulikuwa ushahidi wa kutisha kwamba vitu hivyo viwili hutoka katika chanzo kimoja, sawasawa na Grove alivyofundisha.

Barabarani mambo yalikwenda kwa kusitasita. General Motors iliunda gari la Electrovan mwaka 1966, lakini mitungi na mabomba viliijaza sehemu yote ya nyuma. Mwaka 1970 Karl Kordesch aliifunga mitungi ya haidrojeni juu ya paa la gari lake dogo aina ya Austin A40 na kuliendesha katika barabara za kawaida huko Ohio kwa miaka kadhaa. Mwaka 2002 ukaja msimu wa magari ya maonyesho: Autonomy na Hy-wire ya General Motors, ambayo mitambo yake yote ililazwa katika sakafu nyembamba na ambayo haikuwa na pedali. Toyota na Honda zilianza kuwakodishia wateja wachache magari ya namna hiyo mwaka huo huo. Hyundai ilifuata kwa magari ya kiwandani mwaka 2013, na mwezi Desemba 2014 Toyota ikaiuza Mirai, jina ambalo kwa Kijapani ni wakati ujao. Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana halikuwa uongo mtupu, lilikuwa mwisho wa habari uliotajwa mahali pa mwanzo.

Angani vilevile. Boeing ilirusha ndege ya watu wawili nchini Uhispania mwaka 2008. Betri ziliisaidia kupaa, kisha ikaruka kwa takriban dakika 20 kwa seli za fueli pekee. Mwaka 2016 HY4, ndege ya viti vinne, iliruka Stuttgart. Mwezi Januari 2023 kampuni ya ZeroAvia iliirusha nchini Uingereza ndege aina ya Dornier 228 ya viti 19, bawa moja likiwa na injini ya haidrojeni na jingine injini ya kawaida. Airbus, iliyokuwa imeahidi mwaka 2020 kwamba ndege zake za haidrojeni zingekuwa tayari kufikia mwaka 2035, ilitangaza mapema mwaka 2025 kwamba ratiba hiyo ingechelewa.

Ucheleweshaji huu si wa ajabu. Kilo moja ya haidrojeni hubeba nishati karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli, lakini gesi hiyo ni nyepesi mno hivi kwamba magari huibana kwa shinikizo la takriban mara 700 ya lile la hewa. Isitoshe, sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutokana na gesi asilia, na utengenezaji wake hutoa kaboni ile ile tunayoikimbia. Gari litatoa maji kwenye bomba lake huku kiwanda kikifuka moshi kwingine. Bonde la Tawe litakuwa limehamishwa tu. Ni pale umeme wa kutenganisha maji unapotokana na jua, upepo au joto la ardhini ndipo duara la Grove linapokuwa safi. Na hapa Kenya ina la kusema, kwa kuwa Olkaria imekuwa ikitoa umeme wa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, na mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, ambao umetilia mkazo mbolea kuliko magari. Kwa eneo la Uasin Gishu linalolima mahindi na ngano, huenda mbolea ndiyo iliyostahili kutangulia.

Eldoret yenyewe imesimama kwa mafuta. Bomba kutoka pwani lilifikishwa hapa mwaka 1994, na malori ya kubeba petroli kuelekea Uganda ni sehemu ya mandhari yetu. Fauka ya hayo, mji uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inayowakomaza wanariadha wetu ingelazimu seli ya fueli ipulizwe hewa zaidi ili ipate oksijeni ya kuitosha.

Nilikutana tena na yule kijana majuma mawili baadaye, nikamweleza kwamba mwenye jambo hilo si Mjapani bali alikuwa wakili kutoka Wales aliyezaliwa mwaka 1811. Alicheka sana kusikia kwamba ni wakili. Akaniuliza kama mzee huyo aliwahi kupanda chochote kilichoendeshwa na betri yake ya gesi. Nilimwambia la, trekta la kwanza lilikuja miaka 63 baada ya yeye kuzikwa. Akatikisa kichwa, akaipiga pikipiki teke ikawaka, akanitaka nishike vizuri kwa kuwa barabara ya kuingia Munyaka ilikuwa imenyeshewa.